Sekunde Saba za Sauti Yangu

Jumatatu ile nilifika hospitalini saa mbili kasorobo asubuhi, begi la vifaa begani, nikakuta watu wazima wanapanda ngazi kama waliofukuzwa na nyuki. Mama mmoja aliyefungwa plasta ngumu mguu mzima alikuwa amekalishwa kwenye kiti cha plastiki. Wanaume wanne walikuwa wamekinyanyua, kila mmoja ameshika mguu wake wa kiti, jasho linawachuruzika, na walikuwa hawajafika hata ghorofa ya kwanza. Hatua tano kutoka pale lifti mbili zilikuwa zimeachama milango, taa zinawaka, ndani hamna mtu. Katikati yake palibandikwa karatasi iliyoandikwa kwa wino mzito: LIFTI HAZITUMIKI.

Mimi ni fundi wa lifti. Hizo mbili nimezihudumia miaka kumi na moja. Ndani ya kila moja kuna cheti cha ukaguzi chenye sahihi yangu, na sahihi yangu siitoi ovyo.

"Nani kabandika hii?" nikamuuliza mlinzi.

Mlinzi yule tunajuana. Kila Jumatatu tunataniana kuhusu kitambi chake. Siku hiyo aliniangalia kama mtu anayepima kama mbwa aliye mbele yake anauma. Halafu akatoa simu mfukoni, akaibonyeza, akanielekezea.

"Lifti za hospitali zimeoza," simu ikasema. "Kamba zitakatika. Watu watakufa."

Ilikuwa sauti yangu. Sisemi sauti inayofanana na yangu. Yangu kabisa, pamoja na ule mkwaruzo wa kooni nilioachiwa na sigara. Na uso ulikuwa wangu, na mdomo unafunguka na kufumba sawasawa na maneno. Chini yake watu walikuwa wameandika mpaka kidole kinachoka kuteremsha.

"Ni wewe?" mlinzi akauliza.

Nilitaka kusema si mimi. Nikakaa kwenye begi langu la vifaa, juu ya spana.

"Wameitazama wangapi?"

"Mpaka nilipoingia zamu, laki nne na ushee."

Ngoja nieleze ilivyokuwa, maana mimi mwenyewe ilibidi nijieleze pale pale sakafuni.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu mkubwa, ana kipindi chake mtandaoni. Anakirusha kutoka sebuleni kwa mama yake kila Jumamosi saa tisa alasiri. Anacheza gemu ya malori, ile ya kupeleka mizigo milimani, na huku anacheza anaongea na mgeni, na watu wanapiga simu kutoka kila upande. Mwaka jana mgeni mmoja alimtoroka dakika ya mwisho, ndipo mpwa wangu akanivuta mimi niliyekuwa nimekwenda kutengeneza mlango wa jiko. "Mjomba, kaa hapa uongee unavyoongeaga." Nikaongea. Nikawa wa kila Jumamosi.

Watu walinipenda, sijui kwa nini. Shule niliacha darasa la sita, na maneno makubwa sina. Nadhani ndiyo sababu. Siku ya kwanza nilisema gemu ni ugonjwa wa watu wasio na kazi. Mpwa wangu akanipa usukani bila kujibu. Nilipoinuka kwenye kile kiti taa za nje zilikuwa zimewashwa, na dada yangu alishaniita mezani mara tatu. Tangu hapo maoni yangu kuhusu gemu yamepungua ukali. Kuhusu simu nilisema zimetufanya tuwajue watu wa mbali na tusimjue jirani anayeumwa. Kuhusu uhuru wa kusema nilisema kila mtu aachwe aseme, mjinga awe wa kwanza, maana mjinga ukimziba mdomo watu watadhani ana siri. Kuhusu wakubwa nilisema mengi, mengine dada yangu alizima maiki.

Sasa, kazi ya lifti hufanywa na watu wawili wasioonana. Mmoja anasimama juu ya paa la lifti, ndani ya shimo lake, mwingine yuko chumba cha mashine huko juu kabisa. Wanaongea kwa redio ya mkononi. Na kanuni ni moja: neno ukilisikia, unalirudia lote kabla hujafanya kitu na kabla hujajibu. Mwenzangu akisema "shusha nusu mita," nasema "nashusha nusu mita," ndipo nashusha. Kuna fundi nilimfahamu alizoea kujibu "sawa, sawa." Mwenzake leo ana vidole vitatu mkono wa kulia.

Nimerudia maneno ya watu miaka ishirini na sita. Hata nyumbani. Mke wangu akisema gesi imekwisha, nasema gesi imekwisha. Huwaambia wenzake kwamba yeye ameolewa na ukuta wa pango.

Jumamosi ile nilikuwa nimevaa zile spika kubwa za masikioni, maiki mdomoni, sauti zinaingia zikikwaruza kama redio yetu ya kazini. Akapiga mtu mmoja mwenye hasira. Akasema sisi mafundi tunaua watu. Akasema, "Lifti za hospitali zimeoza. Kamba zitakatika. Watu watakufa." Na mimi, bila kufikiri, bila kupandisha wala kushusha, nikamrudishia neno kwa neno. Halafu nikasema, "Nimesikia." Halafu nikamjibu. Nilimjibu dakika nne nzima. Nilimwambia Jumatatu iliyopita kamba zote zilipita mkononi mwangu, na kama anabisha aje nimpandishe juu ya paa aone kwa macho yake, na aje na suruali ya akiba. Mpwa wangu alicheka mpaka lori lake likaingia mtoni.

Yale maneno yangu yote, ile "nimesikia" na zile dakika nne, kwenye simu ya mlinzi hayakuwepo. Zilibaki sekunde saba.

Nikampigia mpwa wangu.

"Mjomba, shikamoo. Nilikupigia jana mara kumi na moja."

"Marahaba. Jumapili nazima simu. Ni msimamo wangu."

"Najua. Uliusema kwenye kipindi."

"Nani kakata maneno yangu?"

Nikasikia anafunga mlango kwanza.

"Mjomba, hakuna mtu aliyekata."

"Mkasi umetembea wenyewe?"

"Ndiyo," akasema. "Kuna programu. Inasikiliza kipindi chote, inaangalia ni sekunde zipi watu wameandika kwa wingi, inazikata, inazirusha. Na kichwa inaandika yenyewe. Mimi nilikuwa nimelala mchana."

"Imeandika kichwa gani?"

"'Fundi afichua.'"

"Nimefichua nini?"

"Mjomba, haijui umefichua nini. Inajua tu neno hilo watu wanalibonyeza. Nimeshaifuta, jana jioni. Lakini wenzetu walikuwa wameshaichukua, wengine wameibandika kwao. Nisamehe, mjomba."

Nilitaka mtu wa kumgombeza. Kugombana naijua, nimegombana na wapangaji, na wasimamizi wa majengo, na shemeji zangu wote. Lakini mtoto yule analia upande wa pili, na aliyefanya kosa hana sikio la kushika. Nilibaki na hasira mkononi kama mtu aliyeshika sufuria ya moto na meza haipo.

Simu ikalia tena kabla sijasimama. Bosi wetu wa kampuni.

"Uko wapi?"

"Hospitalini."

"Na mdomo wako uko wapi?"

"Niko nao hapa."

"Ufunge. Ukague lifti zote mbili, uandike, ubandike. Ukitoa neno kwa mtu yeyote mwenye simu, uje uchukue vitu vyako."

"Kila mtu ana simu, bosi."

"Basi usiongee na mtu." Akakata.

Mwenzangu wa kazi tunamwita Baba Pacha, kwa sababu anao, jozi mbili. Alifika akihema, amepita ngazi za kuingilia watu wakimtazama ile sare kama jezi ya timu iliyofungwa.

"Leo umekuwa mtu maarufu," akasema. "Mke wangu kaniuliza kama sanduku letu la maiti litakuwa moja au mawili."

"Panda juu ukawashe mashine."

"Napanda juu nikawashe mashine," akarudia, na akaenda kwa ngazi, maana hata yeye asingeweza kupita mbele ya watu wale akaingia kwenye lifti.

Tulikagua kwa muda wa nusu saa na dakika zake. Kamba ya lifti imesukwa kwa nyuzi nyingi za chuma. Uzi mmoja ukikatika, unatoa mwiba. Kwa hiyo unaishika kamba na kitambaa cha pamba, lifti inapanda taratibu, na kitambaa kikinasa, hapo pana ugonjwa. Kila lifti ina kamba sita, na mbili tu zingetosha kuibeba ikiwa imejaa. Nilizipitisha zote sita, kisha sita za lifti ya pili. Kitambaa hakikunasa hata mara moja.

"Pandisha," nikasema redioni.

"Napandisha."

"Simama."

"Nasimama." Kimya kidogo. "Fundi mmoja ana mdomo mrefu."

"Fundi mmoja ana mdomo mrefu," nikarudia, ndipo nikamtukana. Alicheka huko juu mpaka nikamsikia bila redio.

Tulijaribu breki, tukajaribu kile kifaa kinachoshika reli lifti ikizidi mwendo. Kila kitu kizima. Nikajaza fomu, nikasaini, nikaibandua ile karatasi ya wino mzito. Msimamizi wa hospitali alisoma fomu yangu mara mbili, akasema ahsante, akapanda ngazi kwenda ofisini kwake ghorofa ya tano.

Hapo ndipo mlango wa wodi ya wazazi ulipofunguka kwa kishindo.

Wodi hiyo iko chini. Chumba cha upasuaji kiko ghorofa ya nne. Kitanda cha magurudumu kilitoka mbio, wabeba wagonjwa wawili wanasukuma, na juu ya kitanda kulikuwa na watu wawili. Mmoja alikuwa mjamzito, amelazwa kiuno kimeinuliwa kwa mito. Wa pili alikuwa muuguzi, mama wa makamo, amepiga magoti katikati ya miguu ya mgonjwa, mkono wake mmoja uko ndani ya shuka na hautoki.

"Lifti," muuguzi akasema. "Haraka."

Wabeba wagonjwa walifika mlangoni pa lifti wakapunguza mwendo. Mmoja aliangalia sakafu ya lifti kama mtu anayeangalia kisima. Na kabla hawajaamua, mwanamume mmoja aliyekuwa anakimbia pembeni ya kitanda aliruka mbele, akashika chuma cha kitanda kwa mikono miwili. Mkubwa, mabega kama mlango, fulana imeandikwa jina la kampuni ya mizigo.

"Hapandi humo," akasema.

"Baba, sikiliza," muuguzi akasema. Hakupandisha sauti. "Kitovu cha mtoto kimetangulia. Nimekizuia kichwa kwa vidole vyangu kisikibane. Nikitoa mkono, mtoto hapati hewa. Kule juu wameshanawa wanatusubiri."

"Tumbebe kwa ngazi."

"Atabebwa vipi na mimi nimo ndani yake? Ngazi zina kona nane. Akiinamishwa tu upande mmoja, basi."

"Lifti zimeoza. Fundi mwenyewe kasema."

Ningeweza kukaa kimya. Bosi alishaniambia. Lakini sina miaka ya kujifunza kukaa kimya.

"Bwana, fundi mwenyewe ni mimi," nikasema. "Nimezikagua sasa hivi, hata mikono sijanawa. Ni nzima. Mwache mkeo apande."

Aligeuka polepole. Nilidhani atafurahi. Uso wake ulibadilika kama mtu aliyeitwa na marehemu.

"Sema tena."

"Nimesema ni nzima."

"Ni wewe," akasema. "Ni sauti ile ile. Mimi dereva wa lori. Nakusikiliza kila Jumamosi barabarani, muulize mke wangu. Juzi tu nilikuwa porini, mtandao hakuna, kipindi kikanipita, nilipotoka nikakuta kipande kwenye simu. Wewe huwa hudanganyi. Hata wakubwa umewapa zao. Jumamosi useme zimeoza, leo useme nzima. Wamekutisha?"

"Hakuna aliyenitisha. Nilikuwa narudia maneno ya mtu."

"Unarudiaje maneno ya mtu usiyoyaamini?"

Nikamweleza. Jieleze wewe, mbele ya watu thelathini waliosimama ngazini na simu zimeinuliwa, kwamba una kazi ambayo ukisikia upuuzi unaurudia. Kila nilipoongeza neno, wabeba wagonjwa walirudi nyuma nusu hatua. Nilikuwa naona kabisa: si maneno yanayowatisha, ni sauti. Ile sauti ilikuwa imeshasema kitu kimoja masikioni mwao mara nyingi kuliko nitakavyosema kingine.

"Dakika mbili zimepita," muuguzi akasema.

Nikampigia mpwa wangu nikamwambia atume kipindi kizima, pale penyewe, sasa hivi. Kikaja. Nikaweka sauti ya juu. Dereva akainamisha kichwa akasikiliza: mtu mwenye hasira, halafu mimi narudia, halafu "nimesikia," halafu mimi namfokea yule mtu kuhusu Jumatatu na kitambaa na suruali ya akiba. Alisikiliza kwa makini kabisa. Nikajua amenielewa.

"Hii imetengenezwa," akasema.

"Nini?"

"Siku hizi mashine inatengeneza sauti ya mtu yeyote, aseme chochote. Ulituambia wewe mwenyewe, mwezi uliopita. Ulisema mtu akikuletea sauti ya kumsafisha baada ya kuharibikiwa, usiamini."

Na kweli nilisema. Nakumbuka nilivyosema. Nilijisikia mjanja sana siku hiyo.

Cha uongo kimeaminiwa kwa sababu mimi ni mkweli, na cha kweli kimekataliwa kwa sababu mimi ndiye niliyewafundisha kukikataa. Nikaingia kwenye lifti peke yangu, nikabonyeza saba, nikapanda mpaka juu, nikashuka. Mlango ukafunguka nikatoka nikiwa mzima, miguu miwili.

"Wewe mmoja," dereva akasema. "Na kitanda na watu watano?"

"Inabeba watu kumi na watatu. Imeandikwa pale."

"Imeandikwa na nani?"

Imeandikwa na mimi. Sikujibu.

Baba Pacha alikuwa ameshashuka, amesimama nyuma yangu. Yeye si mtu wa kusema mbele ya watu. Alimwekea dereva mkono begani. "Kaka, mimi nina watoto wanne. Siwezi kukudanganya juu ya mtoto." Dereva aliuangusha mkono ule kwa kutikisa bega, bila ukali, kama anavyoangusha jani. Alikuwa analia. Sikuwa nimeona mpaka wakati huo. Lile jitu lilikuwa linalia na halijifuti, maana mikono yote miwili ilishika kitanda.

Ndipo mwanamke aliyelala akaongea. Tulikuwa tumemsahau wote, na sisi tunamgombea yeye.

"Mmemaliza?" akasema.

"Mke wangu, nakulinda," dereva akasema.

"Najua. Toa mkono."

"Umesikia alichosema yule."

"Nimesikia. Nimesikia alichosema Jumamosi, nimesikia alichosema leo, nimesikia na wewe. Hakuna hata mmoja wenu anayejua kitu. Mimi najua kimoja, mtoto huyu alikuwa anapiga teke tangu alfajiri na sasa ameacha. Toa mkono, baba."

Akatoa. Kidole kimoja kimoja.

"Nyie wawili mkiogopa pandeni ngazi," akawaambia wabeba wagonjwa. "Fundi, sukuma. Na usiongee."

Tukasukuma, mimi na Baba Pacha. Magurudumu yakaruka ule ukingo wa mlango. Nikamwona dereva anaturudia, anasita, kisha anageuka na kuzivamia ngazi, tatu tatu, watu wanajibana ukutani kumpisha. Mlango ukajifunga. Nikabonyeza nne.

Kutoka chini hadi ghorofa ya nne ni sekunde kumi na tisa. Najua kwa sababu mimi ndiye niliyeipanga ile kasi. Ndani tulikuwa wanne, na ambaye hajazaliwa. Muuguzi alifumba macho, midomo inacheza. Mgonjwa alikuwa anautazama uso wangu tu. Nilifunga mdomo kama nilivyoambiwa.

Kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, reli ya kushoto ina kiungo. Lifti ikipita pale hutikisika kidogo, kama gari kwenye jiwe dogo. Imetikisika hivyo miaka kumi na moja. Naijua kama ninavyojua kikohozi cha mke wangu. Ikafika pale, ikatikisika.

Nikashika ukuta.

Mimi. Niliyekuwa juu ya paa la lifti ile nusu saa iliyopita, kamba sita zimepita kiganjani mwangu, kitambaa hakikunasa. Masikioni mwangu nikasikia, kwa sauti yangu mwenyewe, zitakatika. Nikaangalia juu kwenye dari. Nilingoja.

Mgonjwa aliniona nilivyoshika ukuta. Akavuta pumzi akaishikilia, na muuguzi akafumbua macho.

Mlango ukafunguka ghorofa ya nne. Watu wa nguo za kijani walikipokea kitanda kabla hatujakitoa nusu, wakaondoka nacho, muuguzi bado amepiga magoti juu yake. Dereva akatokeza kwenye ngazi, kifua kinapanda na kushuka, akakuta milango miwili ya chumba cha upasuaji inapepea.

Tulikaa kwenye benchi la ukutani. Baba Pacha alishuka kwa ngazi kuangalia vifaa. Dereva na mimi tukabaki, nafasi ya mtu mmoja katikati yetu. Simu yangu ilikuwa inatetemeka mfukoni bila kukoma. Watu wa ngazini walikuwa wamesharusha yote, na baadaye niliambiwa kichwa kilikuwa "Fundi abanwa." Sijui nani alikiandika, mtu au kitu.

Dereva akasema, bila kunitazama, "Nilimchelewesha."

"Sisi sote."

"Nataka nikuulize, na uniambie kama unavyosemaga. Mle ndani, hukuogopa?"

Swali rahisi. Nina maoni kuhusu kila kitu chini ya jua, na hilo moja lilinichukua muda mrefu kuliko yote. Ningeweza kusema hapana. Ingekuwa vizuri kwa kampuni, na kwa bosi, na kwa cheti changu. Na asingekuwepo wa kunipinga isipokuwa mwanamke aliyekuwa amechanwa tumbo nyuma ya ule ukuta.

"Niliogopa," nikasema.

Akageuka.

"Lifti haina kasoro," nikasema. "Ninaapa. Na niliogopa. Yote mawili ni kweli, na usiniulize yanakaaje pamoja."

Alinitazama sana. Nilidhani atanipiga, na nisingemlaumu.

Mlango ukafunguka. Alitoka yule yule muuguzi, mkono wake wa kulia ameukunja kifuani, vidole vimekufa ganzi havinyooki. Mbele yake mwenzake alikuwa anasukuma kisanduku cha kioo chenye magurudumu. Ndani kulikuwa na kitu chekundu kidogo chenye kofia, na mpira wa hewa puani.

"Msichana," muuguzi akasema. "Mama yake yuko salama, wanamshona. Huyu alichelewa kulia. Amelia, lakini alichelewa, na siwezi kukuambia zaidi ya hapo leo. Tunampeleka kitengo cha watoto wachanga. Kiko chini. Sina muda, baba. Unakuja?"

Lifti ilikuwa pale pale tulipoiacha, mlango wazi. Kisanduku kiliingia. Dereva alisimama ukingoni, nusu kiatu ndani nusu nje, akanigeukia. Nilijua anachotaka. Alitaka niseme neno. Alikuwa tayari kuliamini, lolote ambalo lingetoka, na hilo ndilo lililonitisha kuliko mtikiso wowote wa reli.

Sikusema kitu.

Alisubiri kidogo. Kisha akatazama kile kisanduku cha kioo, akainua mguu wa pili, akaingia, akaweka kiganja chake kikubwa juu ya kioo. Mlango ukajifunga.

Juu ya mlango kuna namba zinazowaka. Nilisimama chini yake nimeinua shingo. Nne. Tatu. Kati ya tatu na mbili nilishikilia pumzi. Mbili. Moja. Sifuri. Nikasikia, mbali kule chini, mlango unafunguka na magurudumu yanatoka.